Yowe la Jumamosi

Jumatatu, 2 Juni 1986. Kituntu

Nimefungua ofisi, nimefagia, nimeongeza wino wa muhuri. Katibu Kata amechelewa kufika, na amefika amenuna. Nilimwamkia akapita. Nikamwamkia tena, akavuta kiti.

Amenipa kazi mpya. Siitaki. Yule Mjerumani anayekaa katika nyumba ya marehemu Mama Hilda, muuguzi wa zahanati ya Walutheri, hajaondoka. Mama Hilda alikuwa shangazi yake. Alikuja kumzika, matanga yamekwisha, mvua imekwisha, bado yupo. Hapa ofisini mwenye Kiingereza ni mimi peke yangu. Kwa hiyo nimekabidhiwa yeye. Nimtafsirie, nimchunge, na kila anachofanya nimweleze Katibu.

"Uko kwenye majaribio," Katibu amesema. "Mwisho wa Agosti naandika unafaa au hufai. Huyo mwanamke akituletea aibu, unarudi Isingiro kumenya ndizi za mama yako."

Alisema huku anachokonoa meno. Nyumbani hakuna mwingine mwenye mshahara. Mama aliuza ng'ombe ili nimalize kidato cha nne.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemwona. Nusu ya kichwa amenyoa, nusu ya pili ina nywele za rangi ya kijani iliyopauka. Sikio amelitoboa kwa pini ya kufungia nepi za mtoto. Viatu vya askari, jua hili lote. Nilipomsalimia alilichomoa jino lake la mbele, la bandia, akanionyesha kwenye kiganja, akalirudisha.

Akaniuliza kama mimi ni polisi. Nikamwambia ni karani.

"Ni kitu kilekile," akasema, "ila wewe una njaa zaidi."

Watoto waliokuwa wanatoka kisimani walimwambia shikamoo. Akapiga magoti njiani, akawajibu shikamoo. Watoto walikimbia, maji yakamwagika. Mwanamke mmoja mtu mzima aliyekuwa anapita alitema mate, akavuka upande wa pili.

Simpendi. Naandika hapa kwa sababu kwenye taarifa siwezi kuandika hivyo. Anaitwa Hannelore.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya mapumziko. Nimemsaidia Bibi Verediana kuanika kahawa. Yeye ndiye aliyenipangisha chumba. Alikuja kutoka Rwanda zamani na watu wake, akaolewa hapa, mumewe akafa, wanawe wako Uganda. Amebaki na ng'ombe mmoja, migomba, na shamba la mtama chini ya nyumba. Kodi ananidai kwa upole. Chakula ananipa bila kuuliza.

Amesikia kwamba nimekabidhiwa mzungu. Amecheka mpaka akashika kiuno.

"Huyo, mwanangu, ana hamu ya kupigwa. Mwangalie macho."

Jumanne, 10 Juni

Leo ameniambia kazi yake. Alikuwa anakunywa rubisi, pombe ya ndizi, kwa kata kama mwanamume. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti, daftari magotini.

Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mikate, Berlin ya Magharibi. Mwaka 1978 yeye na wenzake waliingia kwenye ghala la chini ya nyumba na magitaa ya kuazima. Hakuna aliyejua kupiga. Yeye hakujua kuimba. Ndiyo ilikuwa maana yake, anasema. Akapiga kelele badala ya kuimba. Akajiita Rostnagel, yaani msumari wenye kutu. Watu walilipa kiingilio ili awatukane. Walimrushia chupa. Ana kovu juu ya nyusi, analigusa kama mwingine anavyogusa pete.

"Chupa ikikupata, unajua wamekusikia."

Walitoa sahani ya santuri, ikauzika. Akaalikwa kwenye televisheni. Akalitoa jino, akalitumbukiza katika glasi ya maji ya mtangazaji. Hakualikwa tena. Kwa hiyo akawa maarufu. Wakatoa ya pili. Halafu, anasema, siku moja watu wakaanza kumpigia makofi. Kwa adabu. Wakaja na watoto wao. Kampuni moja ikataka atangaze dawa ya meno. Aliwatupia mezani jino lenyewe. Bendi ikamkimbia. Daktari akamwambia kooni ana vinundu, anyamaze mwaka mzima.

Nikamuuliza kwa nini haendi kwao.

"Hapa hakuna anayenipigia makofi."

Nilimpelekea Katibu taarifa kwamba ni mwimbaji. Akauliza, "Wa kwaya?" Nikasema hapana, huwa anapiga kelele. Akadhani namdhihaki. Nimetukanwa mpaka saa ya kufunga ofisi.

Ijumaa, 13 Juni

Siku mbaya.

Asubuhi nilikuwa napiga mihuri. Yowe likatoka upande wa Mama Hilda. Yowe kali, refu, linapanda. Kalamu ilinidondoka.

Huku kwetu yowe si mchezo. Ni enduru. Ukilisikia unaacha jembe, unachukua panga, unakimbia, na wewe unalipiga ili kilima kinachofuata kisikie. Asiyekimbia ataulizwa mbele ya baraza alikuwa wapi. Anayelipiga bure anatozwa mbuzi na pombe. Polisi wako mbali na mpaka uko karibu. Tunalindwa na koo zetu.

Basi walikuja. Wenye mapanga, wenye mikuki, mmoja na mchi wa kutwangia. Mzee Kahigi, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuja na povu la sabuni shavuni, nusu ya ndevu imenyolewa. Wote wanauliza, "Kiko wapi? Kiko wapi?"

Yeye alikuwa amesimama barazani, redio kaseti kwenye kiti, macho ameyafumba. Alimaliza wimbo wake. Akafumbua macho, akayaona mapanga. Akacheka. Akainama kama mtu wa jukwaani.

"Karani, anasema nini?" Mzee Kahigi akaniuliza, anahema.

Alikuwa amesema: hawa ndio watazamaji bora niliowahi kuwapata.

Nikatafsiri: "Anaomba radhi."

Jumatatu, 16 Juni

Baraza. Ametozwa mbuzi na pombe. Amelipa papo hapo, akakaa chini, akala nyama ya mbuzi wa faini pamoja na waliomtoza. Kwao hilo ni baya kuliko yowe lenyewe. "Anaila faini yetu huku anacheka," wanasema.

Baadaye aliniuliza nani anaruhusiwa kupiga enduru, inaanza vipi, inapokewa vipi. Aliandika majibu kwa kalamu kwenye mkono wake. Nilijibu kwa ufupi. Niliona aibu, kama namwonyesha mgeni chumba anacholala mama yangu.

Alhamisi, 19 Juni

Hataki kuacha. Anasema sauti ndiyo kazi yake. "Wewe ukinyang'anywa karatasi utakuwa nini?" Nilitaka kumpiga na daftari.

Usiku wa jana mtu amefyeka migomba ya Mama Hilda iliyo mbele ya nyumba. Kumfyekea mtu mgomba ni kumwambia hutaki aishi. Nilimweleza maana yake, nikidhani ataogopa. Alipita kati ya mashina yaliyolala, akatabasamu.

"Mwishowe," akasema.

Ananitisha. Katibu naye ananitisha. Amenikumbusha Agosti.

Jumatatu, 23 Juni

Nimepata wazo. Nililiandika upya mara kadhaa kabla ya kulipeleka.

Aruhusiwe Jumamosi tu, alasiri tu. Asubuhi ya siku hiyo Mzee Kahigi apite na ngoma atangaze: leo alasiri mkisikia yowe, ni mzungu anaimba, msije, endeleeni na kazi. Siku nyingine zote anyamaze kabisa.

Katibu alisoma, akagonga muhuri. Mchana aliliambia baraza kwamba amelifikiria jambo hili tangu Ijumaa. Watu walimsifu. Mimi sikujali. Nimekula matoke sahani nzima kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Jumamosi, 28 Juni

Waliambiwa wasije. Kwa hiyo wamekuja wote.

Walikaa kando ya ua, wakampa migongo. Hiyo ndiyo heshima waliyompa. Alianza, nao wakaanza.

"Pelekea ng'ombe hiyo!"

"Jino liko wapi? Limekimbia kelele?"

"Mbuzi wa faini alilia vizuri kuliko wewe!"

Mzee Kahigi naye alikuwa na lake, akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi yake alitupiga sindano. Huyu anatuchoma masikio." Walicheka hadi wakaegemeana.

Mtoto akarusha ganda la ndizi. Lilimpata begani. Uso wake uling'aa kama wa bibi harusi. Mimi nilishika redio kaseti, nabonyeza anaponiambia nibonyeze. Masikio yaliniuma. Nilichukia kila wimbo. Sikuondoka hata hivyo, na sijui kwa nini.

Jumamosi, 5 Julai

Wamekuja wachache. Kahawa zimeiva, watu wana kazi. Yowe linapanda, hakuna anayeinua kichwa. Bibi Verediana alikuwa shambani anafukuza ndege kwenye mtama. Niliporudi akaniambia, "Leo mzungu wako amelia vizuri," kama mtu anayesema leo hakuna mawingu.

Hannelore amenisubiri kwenye ngazi baada ya kumaliza. Sauti imemkauka.

"Umeniua, Karani. Umenifanya kengele ya kanisa."

Nimefurahi. Naandika wazi: nimefurahi sana.

Jumanne, 8 Julai

Dereva wa lori la kahawa ameleta habari kutoka Murongo. Kuna watu wanavuka mpaka, wanachukua ng'ombe na kahawa, wanarudi. Wana mapanga. Mmoja anasemekana ana bunduki iliyobaki tangu vita. Wameonekana karibu zaidi kuliko Murongo.

Katibu ameniamuru nibandike tangazo: kila mtu awe macho na masikio. Nimebandika.

Jumamosi, 12 Julai

Siwezi kuandika.

Jumapili, 13 Julai

Bibi Verediana amelala. Mkono wake umefungwa kwa vipande vya mbao. Nitaandika sasa.

Jana asubuhi Mzee Kahigi alipita na ngoma kama kawaida. Leo alasiri mkisikia yowe, msije. Katibu alikuwa na mgeni kutoka wilayani. Alimwahidi kumwonyesha kioja chetu. Walikwenda kilabuni kwanza.

Mchana nilimfuata Hannelore. Nikamkuta kitandani chini ya mablanketi ya shangazi yake, anatetemeka. Malaria. Sauti hana, ananong'ona tu. Kuimba hakuwezekani.

Nilipaswa kwenda papo hapo kwa Mzee Kahigi apite tena na ngoma, aseme tangazo limefutwa. Sikwenda. Niliogopa kumwambia Katibu mbele ya mgeni wake kwamba kioja kinaumwa. Nikajiambia labda homa itapoa. Nikamchemshia chai. Yeye akaniamuru niwashe redio kaseti, anataka kurekodi meno yake yakigongana. Nikawasha. Kwa mtu huyu hata homa ni wimbo.

Kisha yowe.

Lilitoka bondeni, kwenye mtama. Lilikuwa la Bibi Verediana. Nimekula kwake tangu Januari, ningeijua sauti hiyo popote. Nilitoka barazani. Nilisubiri lipokewe. Halikupokewa. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mtu juu ya mbuni, mti wa kahawa, anachuma. Niliona akiinua kichwa. Akasikiliza. Akarudi kuchuma.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Kila mtu alikuwa anafanya kama nilivyoandika.

Yowe la pili. Fupi zaidi.

Miguu ilikataa. Naandika ilivyokuwa. Nilisimama nimeshika nguzo ya baraza.

Hannelore alinipita na blanketi mabegani, miguu mitupu. Alijaribu kupiga yowe. Kilichotoka kilikuwa mlio wa mlango mbovu. Kutoka kilabuni tukasikia watu wanacheka. Waliijua sauti yake, walidhani ameanza.

Akageuka, akanikamata shati.

"Yangu wanaijua," akanong'ona. "Yako hawajawahi kuisikia."

Nikasema siwezi. Akanizaba kofi.

Nikapiga. Maishani mwangu sijawahi kupaza sauti. Shuleni walimu walichoka kuniambia ongea usikike. Nilipiga enduru kama baba alivyokuwa anaipiga, kwa Kinyambo, "Mwije! Mwije!", njooni, njooni, mpaka koo likachanika na mdomoni nikahisi ladha ya damu. Yule mtu wa juu ya mbuni aliganda. Halafu akaruka chini. Akalipokea. Mwingine akalipokea, juu zaidi kilimani. Kicheko cha kilabuni kilikatika. Kilima kizima kikalia, na kinachofuata, na kingine ambacho sijui hata jina la wanaokaa kule.

Ndipo miguu ikakubali.

Wezi walikuwa wamekimbia na gunia la kahawa. Ng'ombe walimwacha katikati ya mtama, kamba inaburuta. Bibi Verediana alikuwa amekaa chini, mtama umelala pande zote, mkono umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Watu walijaa na mapanga yao. Aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, kama mtu ambaye kweli hajui:

"Mbona mmechelewa?"

Mzee Kahigi alivua kofia.

Jumatatu, 14 Julai

Watu wamekwenda nyumbani kwa Hannelore na mapanga. Wanasema yeye ndiye. Kelele zake ziliziba masikio ya kijiji. Walimwita mchawi, malaya, jini la Berlin. Amewasikiliza mlangoni, amejifunga blanketi, anayumba kwa homa. Hakurudi nyuma hatua moja. Walimtupia udongo tu, wakaondoka. Wanasubiri baraza la Alhamisi.

Katibu alifunga mlango wa ofisi.

"Utasema alikuwa anaimba."

Nikasema alikuwa anaumwa, nilikuwepo.

"Najua ulikuwepo. Utasema alikuwa anaimba, ndiyo maana yowe la yule mama halikutambulika. Yeye ataondoka, watu watatulia, na mimi mwezi wa nane naandika unafaa." Alisema polepole, kama anayemsomea mtoto. "Au sema unavyotaka. Halafu uwaeleze watu tangazo lilitoka wapi."

Nilisema ndiyo mzee. Hiyo ndiyo sentensi yangu. Nimeisema tangu Januari.

Jumanne, 15 Julai

Kumbe ile kaseti ilikuwa inazunguka wakati wote. Amenisikilizisha. Meno yake yanagongana. Kikombe. Kisha kwa mbali Bibi Verediana. Kisha kimya, kirefu mno, wanasikika nzi tu. Nilikuwa kwenye kimya hicho, nimeshika nguzo. Kisha mtu anapiga yowe na sikuitambua sauti.

Anataka kuipeleka Berlin. Anasema itakuwa santuri yake ya tatu.

Nilimwambia yule mama si wimbo.

"Ndiyo maana," akasema.

Nilimtukana. Kwa Kinyambo, tusi ambalo sijawahi kulitamka. Hakuhitaji tafsiri. Alionekana kuniheshimu kidogo, nikazidi kumchukia. Halafu akasema, basi tuipeleke kwenye baraza, wasikie wenyewe kwamba hakuimba. Nikakataa. Bibi Verediana hatalia mara ya pili mbele ya watu walioketi.

Kwa hiyo hakuna wa kusema ila mimi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimesema.

Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mbuzi. Katibu alieleza vizuri, ana sauti ya kueleza. Wakawa wanaitikia, "Aondoke! Aondoke!" Mmoja akasema akatwe ulimi kwanza. Hannelore alisimama pembeni, mikono kifuani, kama anayesubiri chupa.

Kisha Katibu akasema, "Karani alikuwepo. Atathibitisha."

Niliangalia viatu vyangu. Vina vumbi. Nikasema, hakuimba. Alikuwa kitandani. Yowe mlilolisikia Jumamosi lilikuwa la Bibi Verediana, mkalisikia, mkaendelea na kazi kwa sababu tangazo liliwaambia muendelee na kazi. Tangazo nililitunga mimi. Na nilijua mapema kwamba mzungu anaumwa, sikuja kuwaambia, kwa woga.

Sauti bado haijapona. Ilibidi wanyamaze ili wanisikie. Walinyamaza.

Yule wa juu ya mbuni alitazama chini. Mzee Kahigi akasimama. "Ngoma niliipiga mimi," akasema, akakaa.

Nilidhani watanihurumia. Hawakunihurumia.

"Basi karani alipe mbuzi!" mtu akapaza. "Mbuzi na pombe! Aliyeziba masikio ya watu ni sawa na aliyelipiga bure!" Wote wakakubali, hata walionipenda. Nimetozwa. Ni haki. Sijui nitampata wapi mbuzi.

Hannelore nilipomtafsiria alikasirika kweli. Akasema nimemwibia. Akasema ile ilikuwa faini yake, hasira ile ilikuwa yake, na mimi mla karatasi nimekuja kuichukua mbele ya macho yake.

Katibu hakunitazama tena. Hata hivyo mwisho wameamua aondoke Jumamosi, kwa lori la kahawa hadi Murongo, avuke aende zake Uganda. Kuhusu hilo hakuna aliyebisha.

Jumamosi, 19 Julai

Hakukuwa na ngoma leo. Hakuna aliyekuja kumuaga. Mimi nilikuwepo kwa sababu niliamriwa.

Alipandisha vitu vyake mwenyewe. Nilimwomba ile kaseti. Akaniambia niende jehanamu, kwa Kijerumani, lakini nilielewa.

Tukaona Bibi Verediana anakuja barabarani, polepole, mkono ameufunga kwa kanga. Sikumwita. Alifika, akasimama mbele ya yule mwanamke, akamwangalia nywele, pini, viatu. Hannelore alisafisha koo. Akasema, "Shikamoo." Kwa usahihi, kwa mtu aliyestahili, kwa mara ya kwanza.

"Marahaba." Kisha Bibi akaonyesha redio kaseti kwa kidevu. "Nasikia umeniweka humo."

Nikatafsiri. Hannelore akasema ndiyo.

"Nitoe."

Nikatafsiri na hilo. Sikuongeza anaomba, sikuongeza tafadhali.

Dereva akapiga honi. Hannelore aliitazama redio yake kama anavyotazamwa mgonjwa. Akabonyeza, akaitoa kaseti. Hakumpa Bibi. Alinitupia mimi, ikanipiga kifuani.

"Chukua, mla karatasi. Ndiyo rekodi nzuri pekee niliyowahi kufanya, na sikuimba."

Akatema mate kando ya gurudumu, akapanda. Hakupunga mkono. Sisi pia hatukupunga. Vumbi la lori lilituingia machoni, Bibi Verediana akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Anakonda yule. Hakuna aliyekuwa anampikia."

Ijumaa, 29 Agosti

Ameandika: hafai. Nimerudisha ufunguo na muhuri. Katibu aliviangalia kama vina upele.

Nilidhani nikifika siku hii nitaanguka. Nimetembea hadi kwa Bibi Verediana. Njiani watu walinisalimia kama kawaida, na mmoja akanitania: "Karani, lile koo lako mbona ulilificha?" Mbuzi wa faini nimemlipa kwa baiskeli yangu.

Jumapili, 31 Agosti

Kesho narudi Isingiro.

Mtama wa Bibi Verediana umeiva, ule uliosimama. Ndege wamejaa. Mkono wake bado hauwezi kurusha jiwe. Baada ya ibada nilikata fito, nikazichomeka shambani kutoka kona hadi kona. Nikaifungua ile kaseti kwa kisu, nikauvuta utepe wote, nikaufunga kutoka fito hadi fito. Ni mrefu, umetosha shamba lote. Unang'aa kama mgongo wa nyoka.

Upepo wa alasiri ulipokuja ukaanza kuvuma. Mlio mwembamba, wa juu, unapanda na kushuka. Ndege waliruka wote kwa pamoja, wakaenda kukaa kwenye migomba ya jirani.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni. Alinipa kahawa ya kutafuna, na yeye akatia yake mdomoni. Tulisikiliza.

"Huyo anayelia ni mimi?"

"Ni wewe, Bibi. Na mimi nipo."

Alitema ganda la kahawa.

"Basi tumefaa," akasema.

Jua lilikuwa bado juu. Tulikaa hapo. Ndege hawakurudi.